Mambo ya Kuzingatia Kabla Mafuriko Hayajafika Shambani Kwako Huku Marekani

Wakulima wenzangu wa mboga, kila maji yanapopanda nasikia maneno yaleyale: "Serikali italipa." Inalipa kweli, ila humlipa aliyejiandikisha mapema.

Uwe na namba ya shamba kwenye ofisi ya FSA (idara ya serikali inayohudumia wakulima) ya kaunti yako, hata kama umekodi robo eka. Mkataba wa kukodi uwe wa maandishi. Akaunti ya benki iwe kwa jina lako. Ulizia mkalimani wa bure. Muombe unapopanga miadi, usimtoe mtoto shuleni aje akutafsirie mambo ya bima.

Kisha jiunge na NAP. Hiyo ni kinga ya mazao ambayo bima ya kawaida haiyagusi, kama mchicha, nyanya chungu na bamia zetu. Ada ni dola 325 kwa kila zao, lakini mkulima mchanga, yaani ambaye hajapita miaka 10 akiendesha shamba, anaweza kusamehewa. Wengi wetu tumo humo, basi ulizeni. Kinga ya msingi huanza kulipa hasara ikizidi nusu ya mavuno, tena kwa asilimia 55 ya bei ya soko. Ni kidogo, ndiyo. Lakini hainunuliwi wakati mto umeshafurika. Kila zao lina tarehe yake ya mwisho ya kujiunga.

Ukishapanda, nenda karipoti eka zako. Mazao mengi ya kiangazi mwisho wa kuyaripoti ni 15 Julai. Mafuriko makubwa ya jimbo la Vermont mwaka 2023 yalianza 10 Julai. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna mama mmoja wa Burundi, tulilima naye matuta jirani. Maji yalipopungua, mchicha wake ulikuwa bado umesimama, wa kijani, una tope tu. Kwa kanuni za chakula za huku, mboga ambayo sehemu yake ya kuliwa imeguswa na maji ya mafuriko haiuzwi, hata ukiiosha mara ngapi. Aliambiwa, akakubali. Halafu akafanya alichofundishwa tangu utotoni, kwamba shamba halilazwi na uozo. Aliingia na wanawe, wakang'oa kila kitu, wakalima upya, wakapanda maharage. Mkaguzi alipokuja akakuta udongo mweusi na maharage yanachipua. Akauliza mchicha uko wapi. Picha hakuna, daftari la mauzo hakuna. Kinga alikuwa nayo, na hakupata hata senti. Mama yule alifanya kazi ya mkulima hodari, ndiyo maana jambo hili linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo: mazao yanayovunwa kwa mkono, toa taarifa ndani ya saa 72 tangu hasara ionekane, na fomu ya hasara iwasilishwe ndani ya siku 15. Using'oe, usilime, usifukie kabla hujaruhusiwa kwa maandishi. Piga picha shamba zima kutoka kila kona, kisha tuta kwa tuta. Risiti za sokoni za miaka iliyopita ndizo zitakazosema ulikuwa unavuna kiasi gani, kwa hiyo andika kilo kila siku ya soko, hata ukiwa umechoka.

Usipangie kodi ya nyumba fedha ambayo haijaingia. Kwa hasara za 2023, sheria ya msaada wa ziada ilisainiwa Desemba 2024, na maombi yakaanza kupokelewa Julai 2025. Tena anayepokea msaada huo hufungwa na sharti la kununua bima au NAP kwa miaka miwili inayofuata. Fedha zenyewe huhesabiwa kama mapato, hivyo ukipata fomu ya kodi iitwayo 1099-G usiitupe.

Anayekudai malipo ili "akuharakishie" msaada, mkatie simu. Usisaini karatasi usiyoielewa. Nakala za kila kitu zikae nyumbani, si kwenye banda la shambani, na namba ya simu ya ofisi ya kaunti iandikwe mahali ambapo hata watoto wataiona.