Kughani shairi ukumbini bila kukata pumzi

Mwaka juzi nilipewa maiki kwenye sendofu ya binamu yangu kule Igoma nighani shairi, nikakimbia nalo kama konda anaita abiria wa Buhongwa, beti nne zikaisha sijameza hata mate, alafu bibi mmoja meza ya mbele akamuuliza mwenzake kwa sauti, "eti kasemaje huyu mtoto?" Ukumbi mzima kicheko. Watu wakadhani nilikuwa naogopa kumbe pumzi tu sikujua kuipanga.

Sasa chukua shairi lako, haya ya kawaida ya mizani 16 kila mstari, nane mpaka kina cha kati na nane mpaka mwisho, weka alama ya penseli pale kati. Mfano huu nimejitungia: "Ziwa leo lachafuka, mitumbwi iko mwaloni". Hesabu kwa vidole, zi-wa-le-o-la-cha-fu-ka, nane. Hiyo "ka" ivute kidogo, ingiza hewa kwa pua, ndo uingie "mitumbwi". Ukivuta hewa katikati ya neno kina kinapotea na shairi linageuka tangazo la msiba.

Mazoezi nenda ziwani mchana jua likiwaka, upepo unakuwa unatoka majini kuja nchi kavu. Rafiki yako akae ukingoni kabisa, wewe panda juu hatua kama 30 ukiwa umeelekea maji, upepo utakurudishia sauti yako. Akisikia kila neno bila wewe kupiga kelele, umeiva. Yule msemaji wa Ugiriki ya kale, Demosthenes, inasimuliwa alikuwa anahutubia mawimbi tena ana vikokoto mdomoni, ila vikokoto achana navyo usije ukameza bure.

Alafu sisi wa Kanda ya Ziwa tukubali tu, r na l zinatuangusha, mgombea akiomba "kula" zenu badala ya kura hakuna atakayesikiliza sera tena. Sema rula, lori, kulala, kurarua, taratibu, jirekodi kwa simu usikilize, inauma lakini inasaidia.

Siku yenyewe salamu fupi, wazee shikamooni, itifaki imezingatiwa, basi, usianze kutaja meza kuu yote. Maiki ikae chini kidogo ya midomo, umbali wa ngumi moja, la sivyo kila p na b inalipuka. Na ikianza kupiga mluzi usiigonge gonge, umesimama mbele ya spika, rudi nyuma yake.