Kabla Hujamkalisha Mtoto Umfundishe Hesabu za Kichwa

Awe amekula, awe amelala vya kutosha. Hilo halina maelezo.

Asikatazwe vidole. Mtoto anayeanza, ukimwambia tatu kujumlisha tano, huhesabu vyote kuanzia moja. Baadaye anashtukia kwamba akianza na ile kubwa anapunguza kazi: tano… sita, saba, nane. Akirudia siku nyingi, nane inakuja yenyewe. Hatua hizo hazirukwi. Mwanzoni sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotoka jasho. Kadiri anavyozoea, mzigo unahamia maeneo ya juu kuelekea kisogoni, ambako jibu linachukuliwa likiwa tayari. Wewe umeshahama, yeye bado yuko njiani, basi usimwite mzito.

Hakikisha anajua namba imebeba nini. Kumi na tatu inajieleza. Thelathini, neno la Kiarabu, haikwambii ni makumi mangapi. Muulize. Akibabaika, rudini kwenye visoda na vijiti kwanza.

Usimfundishe kuandika kichwani. Sehemu ya akili inayoshika kazi kwa muda ni kama sinia dogo: vitu vitatu vinne, limejaa. Ukimpa 47 + 38 akafanya kama kwenye daftari, ashike saba na nane, apate kumi na tano, aweke tano, abebe moja, sinia linamwagika. Mwonyeshe 47 na 40 ni 87, toa mbili, 85.

Sasa tebo, na hapa nisikilize, maana nimewahi kumharibu mtoto. Mpwa wangu alikuja kwangu likizo ya Desemba akijiandaa kuingia darasa la nne. Nikamkaririsha kila jioni, rula mezani, mpaka tebo ya saba akawa anaitiririsha kama kaswida. Nikajivuna. Wageni wakaja, nikamwita sebuleni: "Haya, saba mara nane?" Kimya. Midomo ikaanza kucheza: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne… Alikuwa anauanza wimbo mwanzo, kwa sababu wimbo ndio niliomwingizia. Nikagonga rula. Hapo hata saba mara mbili ikamkimbia. "Mjomba, naomba nianze upya," akasema, machozi yanamtoka. Tangu siku ile akisikia neno tebo anaomba kwenda chooni.

Hofu nayo inakaa kwenye lile sinia. Ikishaingia, hesabu haina pa kukaa.

Pasaka nikaenda Tanga, nikamkuta kwenye kibanda cha mandazi cha bibi yake. Mteja kachukua saba, mia mbili mbili, katoa elfu tano. "Elfu moja mia nne," mtoto akasema huku akifunga gazeti. Akamwekea mia mkononi, "elfu moja mia tano". Akamwekea mia tano, "elfu mbili". Noti tatu za elfu, "elfu tano". Chenji elfu tatu mia sita, hajakosea hata shilingi. Mimi nimesimama pembeni na aibu yangu.

Si yeye peke yake. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili waliandika kuhusu watoto wauzaji wa Recife, Brazil. Wakiwa kazini, walipatia asilimia 98 ya maswali. Waliporudishiwa hesabu za aina ileile kwenye karatasi, namba tupu, walipatia asilimia 37. Mmoja, wa miaka 12, aliulizwa nazi 10 kwa 35 moja ni kiasi gani. Hakuongeza sifuri. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine 210, akafika 315, akamalizia 350. Bei ya nazi tatu alishaizoea, akaanzia hapo.

Lakini usije ukamhamishia mtoto sokoni. Njia ile ni ndefu, namba zikikua itamchosha, kwa hiyo tebo bado anazihitaji. Ila zichanganye: leo saba mara nane, kisha tatu mara sita, kisha rudi. Mwonyeshe kwamba nane mara saba ni ileile, nusu ya kazi imeisha. Akikujibu 54 badala ya 56 usipige kelele. Majibu yanayokaribiana hugombania mlango mmoja, na sita mara tisa ipo hapo jirani. Dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi.

Mengine ni madogo madogo. Ukiuliza, subiri, hesabu mpaka kumi moyoni kabla hujafungua mdomo. Usimlinganishe na dada yake. Akiwa mkubwa na bado hawezi kukwambia kati ya sita na tisa ipi kubwa bila kuhesabu, zungumza na mwalimu wake mapema, si lazima iwe uvivu. Simu yenye kikokotoo iweke mbali, na rula pia, hata ya kutishia tu. Na wageni wakija, muulize habari za mpira.