Jinsi ya kuivunja 2^29-1 kwa peni na karatasi tu

Mtu ukimpa namba kama 536870911 umwambie atafute vigawo vyake, ataanza na 3, aje 7, aje 11, aje 13, hivyo hivyo mpaka achoke, na simlaumu maana ndo tulivyofundishwa shule. Ila hii namba ina ukoo wake. Ni 2^29-1, na namba za ukoo huu (2 yenye kipeo ambacho chenyewe ni namba tasa, afu unatoa 1) zinachagua sana nani azigawe.

Shika mambo mawili. Kwanza, kigawo tasa chochote hapa ukikitoa 1 lazima kinachobaki kigawanyike kwa kipeo mara mbili, kwetu ni 29 mara 2 yaani 58 (kipeo kikiwa 2 hii haifanyi kazi, lakini 2^2-1 ni 3 tu, nani ana shida nayo). Pili, kigawo hicho ukikigawa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7, kikibakisha 3 au 5 tupa kule. La kwanza linatoka kwenye kanuni ndogo ya Fermat (mwanahisabati wa Ufaransa), la pili we likubali tu kwa leo, uthibitisho wake ni mrefu kidogo.

Haya tupange: 59, 117, 175, 233. 59 inabakisha 3, nje. 117 inabakisha 5, nje. 175 inabakisha 7 sawa, ila inaishia na 5 so sio tasa. Kwa hiyo namba ya kwanza kabisa kuijaribu ni 233, zile 3 na 7 na 11 zote hatujazigusa!

Na usianze kugawanya ile namba ndefu, cheza na baki tu. 2^8 ni 256, toa 233 baki 23. 2^16 ni 23 mara 23, 529, toa 466 baki 63. 2^24 ni 63 mara 23, 1449, toa 1398 baki 51. Zimebaki 2 tano, yaani 32, so 51 mara 32 ni 1632, na 233 mara 7 ni 1631, baki 1. Baki ikiwa 1 maana yake 2^29-1 inagawanyika kwa 233 bila kubakisha kitu. Hapo ndo utamu wote ulipo.

Gawanya sasa, unapata 2304167. Kipeuo chake cha pili ni 1517 na ushee, so hatuvuki hapo. Rudia 233 kwanza, inakataa. Zinazofuata ni 407, 465, 639, 697, 871, zote sio tasa (697 inadanganya watu sana, ni 17 mara 41). 929 ni tasa ila inabakisha 247. Inakuja 1103, inaingia mara 2089 kamili. 2089 ni tasa? Usihangaike, kigawo kidogo kuliko vyote kinachoruhusiwa ni 233, na 233 mara 233 ni 54289, tayari imeipita. Basi 233 × 1103 × 2089, na ukitaka idadi ya vigawo vyote ni 2×2×2, nane pamoja na 1 na namba yenyewe.

Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyezichunguza namba za ukoo huu, mwaka 1644 aliiweka 2^67-1 kwenye orodha ya namba tasa. Lucas, mwanahisabati wa Ufaransa, akaja kuonyesha 1876 kwamba sio tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja, na Cole wa Marekani ndo akavitoa 1903: 193707721 × 761838257287. Toa 1 kwenye hicho cha kwanza ugawe kwa 134 (67 mara 2), unapata 1445580 kamili, kanuni ni ile ile, ila kuanza na 135 ukipanda kwa mkono mpaka huko ni balaa, kwa hiyo kwa namba za saizi hiyo tafuta kompyuta.

We jaribu 2^37-1 kwanza, kigawo chake cha kwanza hakifiki 300.