Somo: Kufunga atenyueta kwenye ampu ya valvu bila kuunguza transfoma

Ampu ya gitaa ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ya wati 50 haitoi utamu wake mpaka uipandishe volyumu, na ukiipandisha kwenye nyumba ya kupanga Manyatta au Kondele hapa Kisumu, majirani hawatavumilia hata wimbo mmoja. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 zinataka sauti ya usiku kwenye makazi isizidi desibeli 35. Hata gitaa kavu lisilo na ampu hupita hapo.

Atenyueta hukaa kati ya ampu na spika. Humeza sehemu kubwa ya nguvu na kuigeuza joto, spika ikapata kilichobaki. Inachookoa ni masikio yako na ujirani. Ampu yenyewe inaendelea kufanya kazi ngumu vilevile, ndiyo maana kosa la kuunganisha lina gharama kubwa.

Kama unapiga benga ya sauti safi, nyuzi zisikike moja moja, weka pesa yako mfukoni na upunguze volyumu tu. Kifaa hiki ni cha anayetaka valvu zikwaruze sauti.

Hatua ya 1: Ohm, yaani kipimo cha ukinzani. Soma nyuma ya ampu: 4, 8 au 16. Atenyueta ilingane na tundu unalotumia, na spika ilingane pia. Spika mbili za ohm 8 zikiungwa sambamba huwa 4. Zikiungwa mfululizo huwa 16. Spika ikiwa haina maandishi, ipime kwa mita, na usishtuke ya ohm 8 ikisoma 6 na kitu. Mita husoma ukinzani wa koili tu, kwa hiyo namba huwa chini kidogo.

Hatua ya 2: Wati. Ampu ya wati 50 ikisukumwa mpaka mwisho hutoa zaidi ya 50, na ikikwaruza sana inaweza kukaribia mara mbili. Mimi hushauri atenyueta ya wati 100 kwa ampu ya 50.

Hatua ya 3: Waya. Hapa ndipo watu wengi huumia. Fungua kifuniko cha jeki utazame. Ukiona uzi mmoja mwembamba katikati, umezungukwa na wavu wa shaba, huo ni wa gitaa, weka kando. Wa spika una nyaya mbili nene zinazolingana. Waya wa gitaa ukibebeshwa nguvu ya spika hupata moto, na ukikatika katikati ya wimbo, ampu inabaki bila mzigo, yaani bila kitu cha kupokea nguvu yake.

Hatua ya 4: Zima kwanza, unganisha, hakikisha jeki zimeingia mpaka mwisho, ndipo uwashe. Valvu zikisukuma bila mzigo, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti mpaka umeme unaruka. Insulesheni huungua, soketi za valvu nazo huweza kuungua. Transfoma hiyo si ya kuokota dukani. Utaiagiza mbali au utafute fundi wa kuisuka upya.

Hatua ya 5: Ipe hewa. Inatoa joto kama balbu ya zamani ya wati 60, na mchana wa Kisumu tayari una joto lake. Usiiweke juu ya ampu wala kuifunika kitambaa.

Hatua ya 6: Anza na upunguzaji mkubwa, kisha panda polepole. Desibeli 3 hupunguza nguvu kwa nusu. Desibeli 10 huacha wati 5 kati ya 50, lakini sikio husikia kama nusu ya sauti tu. Kwa chumba cha kulala utahitaji 20 au zaidi, yaani nusu wati au chini.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naweza kuondoa spika kabisa nipeleke laini ya sauti kwenye miksa ya kanisa?
Ndiyo, iwapo tu kifaa chako kimeandikwa kuwa ni mzigo kamili, yaani kinaweza kumeza nguvu yote bila spika. Kuna atenyueta zinazohitaji spika wakati wote. Tena laini isiyopitia kichujio cha kuiga spika husikika kali na chakavu.

Omera, valvu zangu sasa zitadumu zaidi?
Hapana. Valvu zako za EL34 zinachoka sawa na ampu iliyopandishwa mpaka mwisho.

Stima ikipotea tukiwa tunapiga?
Zima ampu, chomoa ukutani. Ikirudi, ngoja itulie, kagua jeki zote, washa ikiwa standibai (swichi ya kusubiri), na uache valvu zipate joto kwanza. Na ampu iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa ya volti 120 pekee, isiguse soketi zetu za 240 bila transfoma ya kushusha.

Yangu ni ya transista, nifunge?
Usifunge, kaka. Ampu ya transista haipati utamu kwa kusukumwa. Punguza volyumu tu.

Mbona nikishusha sana sauti inakosa besi?
Masikio yetu husikia besi na treblu kwa uchache sauti ikiwa ndogo, na spika nayo haisukumwi vya kutosha. Ongeza kidogo kwenye vitufe vya ampu. Lakini kama kila siku unapunguza kwa desibeli 20, uza hiyo ya wati 50 utafute ya wati 5 au chini. Utaibeba kwa bodaboda, na utahitaji kupunguza kidogo tu.