Meli ya kitalii hujengwa kwa daftari la uzito

Meli ya mafuta hubeba mzigo wake tumboni. Meli ya kitalii hubeba vyumba, kumbi na mabwawa ya kuogelea juu, sitaha juu ya sitaha, na chini yake huzama mita 8 au 9 tu ili iweze kuingia bandari nyingi. Kwa hiyo, kabla ya mchoro wa kwanza, fungua daftari la uzito. Kila kitakachopanda melini kiandikwe humo: uzani wake, na kimo chake kutoka kwenye mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa meli.

Tuseme kila chumba kimezidi kilo 100, basi tu kwa sababu mbunifu kapenda vigae vizito. Vyumba viko 2,000, kwa hiyo hizo ni tani 200. Zikikaa mita 15 juu ya kitovu cha uzito cha meli ya tani 60,000, kitovu hicho hupanda sentimita 5. Ndiyo maana sitaha za juu kabisa mara nyingi hujengwa kwa alumini.

Sura ya nje isubiri. Panga kwanza moto utazuiwa wapi na umeme utatoka wapi. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka meli ikatwe kwa kuta za kuzuia moto kutoka chini hadi juu. Urefu wa kila kanda kwa kawaida hauzidi mita 40, na kwa masharti maalumu hufika 48. Meli ya abiria iliyojengwa tangu Julai 1, 2010, yenye mita 120 au zaidi, au kanda tatu au zaidi, lazima iweze kurudi bandarini kwa nguvu zake hata baada ya ajali ya kiwango kilichowekwa. Hapo utahitaji vyumba viwili vya injini vilivyotenganishwa. Kosa linalojirudia ni kutenganisha injini na kusahau bomba: pampu zote za mafuta zinawekwa kona moja, moto mmoja unazima kila kitu.

Injini za dizeli zenyewe huzalisha umeme tu. Katika meli nyingi za sasa, mota zinazozungusha rafadha (propela) huning'inia nje, chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, na huweza kugeuka nyuzi 360, hivyo mhimili mrefu na usukani havihitajiki.

Ujenzi huanza kwa kukata mabamba, kuyaunga kuwa paneli, kisha paneli kuwa vipande vikubwa. Kipande kijengwe kichwa chini, miguu juu, ili fundi achomelee akiwa ameinama badala ya kuinua mikono darini. Mabomba na njia za nyaya zifungwe wakati huohuo. Ukiviacha mpaka kipande kiingie chelezoni, yaani kwenye gati kavu ambako meli huunganishwa, fundi atafanya kazi ileile akiwa amelala ubavu gizani. Vipande huunganishwa kuwa vizito zaidi, vya mamia ya tani, na kreni huviteremsha chelezoni.

Mabamba ya sitaha za juu ni membamba, milimita 5 au 6, na joto huyapinda. Chomelea kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, na usiingize joto zaidi ya linalohitajika. Bamba likishapinda, wenye haraka hulisawazisha kwa lipu, na lipu nayo ina kilo zake zisizoandikwa popote.

Vyumba vya abiria hutoka kiwandani vikiwa kamili, bafu ndani, na husukumwa kupitia tundu lililoachwa ubavuni. Pima tundu kabla ya kuagiza! Tangu vianze kuingia, hofu kubwa ni moto: bamba linalochomelewa upande huu hupitisha joto hadi kwenye godoro la upande wa pili. Weka mlinzi wa moto pande zote mbili. Mnamo Oktoba 2002, Diamond Princess iliungua ikiwa bado inajengwa Nagasaki, na meli dada yake ikakamilishwa kwa jina hilo.

Meli ikikaribia kukamilika, daftari hupimwa kwa timazi. Chagua siku isiyo na upepo, legeza kamba, jaza matangi pomoni au yamwage kabisa, kwa sababu maji yanayoyumba hudanganya. Ning'iniza timazi ya mita 6, ncha yake ikizama kwenye ndoo ya mafuta isitikisike, na rula pembeni. Kisha hamisha tani 100 kwa mita 20, kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa meli yetu ya tani 60,000, ncha ikisogea sentimita 10, kimo cha metasenta, yaani kipimo cha uwezo wa meli kujirudisha wima ikiinama, ni mita 2, kama daftari lilivyokadiria. Ikisogea 12, ni mita 1.67, maana yake sentimita 33 zimepotea na kuna uzito juu ambao hakuna aliyeuandika. Hapo zimebaki njia mbili: kubomoa kitu juu, au kumwaga zege zito ngamani, chini kabisa ya meli, ambalo meli italibeba na kulichomea mafuta maisha yake yote.