Harufu ya maka: geuza feni itazame nje

Kwa walimu wa tuisheni wenye vyumba vidogo vya ghorofani huku Majengo na Tudor, Mombasa: unapoandika kwa maka kwenye ubao mweupe, usielekeze feni kwenye ubao wala kwa wanafunzi. Iweke kwenye dirisha lililo karibu na ubao, uso wake nje, kisha fungua mlango au dirisha la upande wa pili. Ile harufu ni kiyeyushi cha wino, mara nyingi alkoholi, kinachogeuka mvuke upesi, sembuse kwa joto letu. Feni ya ndani huzungusha mvuke ule ule, na eisi (kiyoyozi) ya ukutani kadhalika, kwani nyingi hazivuti hewa ya nje. Chagua dirisha lisiloelekea upepo. Kusi ikiipiga feni usoni, harufu yote itarudi ndani. Chumba chenye dirisha moja na mlango wa kufungwa, hila hii haifai kitu. Wala haitoshi kwa maka zisizofutika zenye viyeyushi vikali kama zailini au toluini. Hizo usizitumie darasani kabisa. Mwenye pumu akianza kukohoa, mtoe nje kwanza, hesabu zitangoja. Na kifuniko kirudi kila unapoiweka maka chini, hapo ndipo wengi wetu huzembea.