Kuandika faili ya mgonjwa ili isimame mbele ya Ordre

Madaktari wa Kongo wana Ordre yao, chombo kinachoandikisha na kusimamia watu wa taaluma moja, tangu 1968, wafamasia tangu 1991. Wauguzi walingoja hadi Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyounda Ordre des Infirmiers, yaani Ordre ya wauguzi. Diploma peke yake, iwe ya A2 (ngazi ya sekondari) kutoka ITM, shule ya ufundi wa tiba, au ya A1 na A0 (ngazi za chuo) kutoka ISTM, taasisi ya juu ya tiba, haitoshi tena kumwingiza mtu wodini: jina lake lazima liwe kwenye orodha ya Ordre. Na chombo kinachokuandikisha kina haki pia ya kukuita ujieleze. Siku ikifika, kitakachofunguliwa kwanza ni faili ya mgonjwa. Wauguzi wengi wa Lubumbashi wanafanya kazi nzuri kuliko wanavyoiandika, na hilo linawaumiza bure.

Jina lako lianze kuwa sawa. Kabla ya kupeleka karatasi kwa Ordre, weka mezani diploma, kadi ya mpiga kura na cheti cha kuzaliwa, ukasome herufi kwa herufi: jina, jina la pili, jina la ubatizo. Mahali pengine utakuta Mwamba, pengine Muamba. Pengine jina la pili limeruka, au la ubatizo limetangulia. Kosa la namna hii linasimamisha dosye nzima, na kulirekebisha kunachukua muda mrefu kuliko kujiandikisha kwenyewe, kwa hiyo rudi mapema kwa ofisi iliyokosea. Nakala zithibitishwe kwenye komini au kwa noteri, na diploma ya asili usiiachie mtu. Ukishapata namba ya Ordre, saini yako wodini ifuate tahajia hiyohiyo.

Sasa faili yenyewe. Mstari mmoja wa muuguzi una mambo sita: tarehe na saa, ulichokiona, ulichokifanya, mgonjwa alivyoitikia, jina lako na ngazi yako, saini. Mstari unaosema “mgonjwa yuko sawa, dawa amepewa” hauna hata moja linaloweza kuthibitishwa. Faili zetu zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini mpangilio ni uleule kwa lugha yoyote. Kwa mtoto wa kilo 10 mwenye homa ungekuwa hivi:

Tarehe, 14h30: joto 39,2, mapigo 136, pumzi 44 kwa dakika, ananyonya, hajatapika. Paracetamol 150 mg kwa mdomo. 15h30: joto 38,1; amelala, anaamka akiguswa. Jina, A1, saini.

Mstari wa 15h30 ndio unaosahauliwa mara nyingi. Bila huo, msomaji anajua umetoa dawa, hajui kama ulirudi kumtazama mtoto.

Saa iandikwe kwa tarakimu za saa 24. Kwa mdomo, “saa mbili” ya mmoja ni 8h00, ya mwingine aliyezoea kuhesabu Kifaransa ni 14h00, na dozi ya pili inaweza kutolewa mapema mno au kuchelewa kabisa.

Dawa ndiyo penye hatari kubwa, kwa hiyo tukae hapo. Chukua artesunate ya malaria kali, ambayo kila wodi ya watoto inaitumia. Chupa ina mg 60 za unga. Unatia ml 1 ya bikarbonati iliyo ndani ya boksi, unatikisa hadi maji yawe angavu kabisa bila ukungu. Kwa mshipa unaongeza ml 5 za chumvi ya 0,9%, na kila ml inabeba mg 10. Kwa msuli unaongeza ml 2 tu, na kila ml inabeba mg 20. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapata mg 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20, ni mg 2,4 kwa kilo. Mtoto wetu wa kilo 10 anahitaji mg 30: hiyo ni ml 3 kwa mshipa, au ml 1,5 kwa msuli.

Ukiandika “artesunate ml 3” na kuishia hapo, mwenzako wa usiku akachanganya kwa ajili ya msuli na kuvuta ml 3, amempa mtoto mg 60, dozi mara mbili. Hakuna aliyekuwa mzembe. Mstari wako ndio uliompoteza. Andika uzito, mg, ml, njia na saa: “kilo 10, artesunate mg 30 = ml 3 (mg 10/ml), mshipa, 18h00, inayofuata 06h00”. Dozi tatu za kwanza ni saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Dawa iliyochanganywa ikipita saa moja inatupwa. Usiiwekee mgonjwa wa zamu ijayo.

Desimali nayo inaua. Andika 0,5, wala si ,5, maana koma peke yake inapotea kwenye karatasi yenye jasho na mtu anasoma 5. Wala usiandike 5,0, maana inasomwa 50. Insulini na oksitosini ziandikwe “unités” kwa ukamilifu: herufi U ikikaa karibu na 10 inaonekana kama sifuri, ikawa 100.

Kabla ya sindano, soma jina lote na namba ya faili, kisha mwulize mama mtoto anaitwa nani na baba yake nani. Huku Katanga tahadhari hii si ya mapambo. Mapacha wa Kiluba wanaitwa Kyungu na Kabange, anayewafuata ni Kisimba, na katika chumba kimoja cha watoto unaweza kuwa na Kabange wawili wasio na undugu. Usiulize “Mama, huyu ni Kabange?” Mama aliyechoka ataitikia ndiyo kwa lolote. Mwache aseme mwenyewe.

Damu inahitaji watu wawili kando ya kitanda, si ofisini: jina, kundi, namba ya mfuko, tarehe ya mwisho. Namba ya mfuko inaingia kwenye faili. Pima joto, mapigo na shinikizo la damu kabla ya kuanza, kaa karibu na mgonjwa dakika 15 za kwanza, kisha pima tena na uandike. Mfuko uishe ndani ya saa 4. Ukiona baridi kali, upele au mgongo unauma, funga kwanza, acha njia ya mshipa wazi kwa serumu, mwite daktari, ndipo uandike.

Partogramu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua: mapigo ya mtoto na mikazo kila dakika 30, kufunguka kwa njia kila saa 4, shinikizo la mama kila saa 4. Inajazwa uchungu unapoendelea. Ile inayochorwa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa biki moja, kwa mwandiko mmoja, mstari umenyooka kama wa kitabuni, inajulikana mara moja, na hapo kosa limegeuka kutoka kuchelewa kuandika hadi kughushi.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, libaki linasomeka, andika “erreur” (kosa), saa na saini. Hakuna rangi nyeupe ya kufutia, hakuna kuchana ukurasa, hakuna penseli. Umeme ukikatika na ukaandika baadaye, weka saa unayoandika, kisha useme jambo lilitokea saa ngapi. Kuchelewa kunakokubaliwa wazi hakumwangushi mtu. Nafasi tupu ichorwe mstari ili mwingine asije kuingiza neno. Usimwandikie mwenzako, usiandike kabla hujafanya, na mwanafunzi wa mazoezi akiandika, uisome na utie saini yako chini yake.

Daktari akitoa agizo kwa simu, mrudishie neno kwa neno: dawa, mg, njia, mara ngapi. Liandike kama agizo la simu, na jina lake na saa, na akifika asaini. Familia ikimchukua mgonjwa kinyume cha ushauri, andika ulichowaeleza kuhusu hatari, nani alisikiliza na nani alisaini. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa, na shahidi atie jina.

Remise-reprise, yaani makabidhiano ya zamu, ifanyike kitandani, faili mkononi: serumu inayopita na iliyobaki, dozi inayofuata, kipimo kinachongojwa, aliyebadilika tangu asubuhi. Picha za faili hazipelekwi kwenye kundi la WhatsApp, hata la wodi. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayetoa siri ya kazi, kwa kifungo cha mwezi 1 hadi 6.

Malalamiko yakiletwa, usiguse tena faili, hata kuongeza neno la ukweli. Mjulishe muuguzi mkuu au infirmier titulaire (muuguzi anayeongoza kituo cha afya) siku hiyohiyo. Andika ripoti yako kwenye karatasi tofauti, kwa saa na kwa ulichokiona wewe, bila kumhukumu mwenzako. Omba wasimamizi waifungie faili ya asili na wakupe ruhusa ya kuisoma, kisha uende ulipoitwa ukiwa na namba yako ya Ordre, diploma na nakala ya ripoti.